Je, Jina Lako Limo? Namna ya Kumuuliza Mwalimu Kuhusu Usajili wa KCSE Bila Kumuudhi

Hebu tuanze na swali, mzazi. Una mtoto wa kidato cha nne hapo nyumbani, iwe ni Umoja, Kayole, Dandora au Jericho. Sare umenunua, karo umelipa kadiri ya uwezo wako, na meza ya kusomea umeipatia nafasi kando ya kabati la vyombo. Je, umewahi kuiona nambari yake ya mtihani kwa macho yako? Na wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu huku chai ikipoa, je, unajua kwamba jina lako limo katika orodha ya watahiniwa wa KCSE, au unaamini tu kuwa limo kwa sababu mwalimu alitangaza gwarideni kwamba wote mmesajiliwa?

Wengi watajibu kwamba wanaamini. Wanaamini hadi Novemba. Mara kwa mara ifikapo mwezi huo, magazeti huchapisha habari za watahiniwa waliofika shuleni na kalamu zao mpya, wakangoja majina yasomwe, na yao yasisomwe. Picha huwa ni ile ile: mzazi amesimama langoni, mtoto analia, na simu ya mwalimu mkuu haishikwi. Kufikia saa hiyo hakuna la kufanya, maana karatasi za mtihani zilichapishwa na kupakiwa kwa hesabu ya wale waliosajiliwa miezi mingi nyuma. Anayekosa huambiwa angoje mwaka ujao.

Safari hii kungoja kwenyewe kuna shida yake. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka wa 1985, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo huo waliingia kidato cha kwanza mwaka wa 2024, na KCSE yao, iliyo ya mwisho ya 8-4-4, imepangwa kufanywa 2027. Nyuma yao hakuna kidato kingine. Wanaowafuata ni Gredi ya 10 walioanza mwaka wa 2026, wenye mtaala wao na mitihani yao. Zamani aliyeachwa nje alimeza uchungu, akaingia darasa la wadogo zake na kurudia. Mtoto atakayeachwa nje na hawa wa mwisho atarudia na nani?

Ndiyo maana wiki hii tumeonelea tuzungumze kuhusu jambo dogo ambalo watoto wetu wengi huliogopa kuliko somo la hesabu: kubisha mlango wa majilisi ya walimu na kuuliza kwa adabu, "Jina langu limeingia?"

Majina 200, macho mawili

Yafaa kwanza tuelewe kazi yenyewe inavyofanywa, kwa sababu anayeielewa huuliza vizuri zaidi.

Mitihani yetu husimamiwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, lililoundwa mwaka wa 1980. Kabla ya hapo palikuwa na baraza la pamoja la Afrika Mashariki. Usajili wa KCSE hufanywa na shule kwa niaba ya mwanafunzi. Zamani zilikuwa ni fomu za karatasi. Siku hizi mwalimu au karani huketi mbele ya kompyuta na kuingiza majina mmoja mmoja katika mtambo wa KNEC, kwa kawaida katika muhula wa kwanza, ndani ya muda uliotangazwa. Muda huo ukiisha, mlango hufungwa. Ni kweli KNEC imewahi kuuongeza, lakini asiyekuwa na uhakika asijiegemeze hapo.

Sasa piga hesabu. Chukua shule ya kutwa ya hapa Eastlands yenye mikondo minne, kila mkondo wanafunzi 50. Hayo ni majina 200. Kila mtahiniwa lazima afanye masomo yasiyopungua saba wala kuzidi tisa. Kwa hivyo mtu mmoja, pengine akiwa na vipindi vyake vya kufundisha na daftari za kusahihisha, anaingiza masomo yasiyopungua 1,400. Anaingiza mchana, intaneti inakatika, anarudi jioni. Sitaki kumtetea mwalimu mzembe, wapo, lakini katika kazi ya namna hii hata mwenye bidii huruka mstari.

Herufi moja tu humgeuza Wanjiru kuwa Wanjiku. Mohamed, Mohammed na Muhammad huonekana mamoja kwa karani aliyechoka, ila mbele ya afisa wa uhamiaji au mwajiri miaka kumi baadaye ni watu watatu. Jina la cheti cha kuzaliwa ndilo linalopaswa kufuatwa, na hapa familia nyingi za mjini hujikuta pabaya: cheti kinasema hivi, rekodi za shule ya msingi zinasema vile, na kanisani au madrasa mtoto anajulikana kwa jina la tatu kabisa.

Kisha yako masomo. Kila somo lina nambari yake ya siri isiyo siri, na ningependa kila mtahiniwa azijue zake kama anavyojua nambari ya matatu ya kwenda kwao. Kiingereza ni 101, Kiswahili 102, Hisabati 121. Biolojia ni 231, Fizikia 232, Kemia 233. Historia ni 311 na Jiografia 312. Ukitazama mpangilio huo utaona mara moja hatari iko wapi. Elimu ya dini ya Kikristo ni 313 na ya Kiislamu ni 314. Katika shule ya Pumwani au Eastleigh, ambamo watoto wa dini zote mbili huketi dawati moja, kidole kikiteleza kwenye kitufe kimoja tu, Muislamu anasajiliwa kufanya mtihani wa Biblia. Vivyo hivyo, 121 ndiyo Hisabati inayofanywa na shule nyingi, lakini ipo nyingine, 122, yenye silabasi tofauti. Jina lako linaweza kuwemo, limeandikwa sawasawa, na bado ukapata karatasi ambayo hukuwahi kufundishwa.

Kwa hivyo swali lako kwa mwalimu lisiishie kwenye jina. Liguse jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na kila somo.

Mwanafunzi mwenye ulemavu ana jambo la ziada. Asiyeona anahitaji karatasi ya breli, mwenye uoni hafifu anahitaji maandishi makubwa, na mahitaji hayo huelezwa wakati wa usajili ili yatayarishwe mapema. Mzazi wa mtoto kama huyo asimwachie mtoto kuuliza. Aende mwenyewe.

Waliohama na waliopangwa kwa jirani

Kuna watoto wa aina mbili ambao ningewaomba wasingoje hata jua la kesho lichwee.

Wa kwanza ni waliohama. Maisha ya mitaa yetu ni ya kupanga nyumba, na kodi ikipanda Buruburu familia huhamia Kayole, Kayole pakikaza huenda Njiru au Ruai. Wengine huletwa Nairobi kutoka mashambani wakiwa kidato cha tatu, baada ya mambo kuharibika huko. Mwili wa mtoto umehama lakini rekodi zake hazikuhama naye. Tangu 2017 wizara ya elimu imekuwa ikiweka habari za wanafunzi kwenye kompyuta, kwanza katika mtambo wa NEMIS, na mwanafunzi huhesabiwa ni wa shule moja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa shule ya Machakos haijamwachilia, shule ya Umoja inaweza kuhangaika kumwingiza. Baya zaidi ni pale shule ya zamani inapomsajili kwa nia njema, na mtihani ukifika anajikuta na kituo kilicho kilomita 60 kutoka nyumbani kwao.

Wa pili ni wale wa shule ndogo zisizo na kituo cha mtihani. Kuanzia Korogocho na Mathare hadi Soweto ya Kayole na Mukuru, shule za jamii na za watu binafsi zimejaa, na nyingi zimesomesha watoto ambao hawangepata nafasi kwingine. Nazisifu kwa hilo. Lakini shule isiyo kituo huwapeleka watahiniwa wake kusajiliwa katika shule jirani, na hapo jina la mtoto hupita mikono zaidi ya mmoja. Mwenye shule anasema alipeleka majina. Shule jirani inasema ilipokea 28. Mtoto ni wa 29.

Ukiwa katika shule kama hiyo, una maswali mawili: kituo changu ni kipi, na nambari yangu ni ipi? Nambari ya mtihani wa KCSE ina tarakimu 11. Nane za kwanza ni za kituo, tatu za mwisho ni zako wewe. Ukilinganisha zile nane na za wenzako utajua mara moja kama mko pamoja. Asiyeweza kuonyeshwa nambari baada ya usajili kufungwa, na anayeambiwa kila wiki kwamba "itakuja", ana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Tusisahau pia watahiniwa wa kibinafsi: kijana anayeuza nguo Gikomba mchana na kusoma usiku, mama aliyeacha shule akiwa kidato cha pili. Hawa hujilipia ada yao, tofauti na wanafunzi wa shule, ambao ada yao serikali imekuwa ikiigharimia, wa shule za umma na za kibinafsi, tangu 2017. Kwa mtahiniwa wa kibinafsi neno ni moja. Ada ya mtihani huenda kwa KNEC kwa njia rasmi, na hutoa stakabadhi. Mtu anayekwambia umpe pesa mkononi "akuingize" anakuingiza kwingine.

Namna ya kuuliza

Sasa tuje kwenye mlango wa majilisi. Kwa nini mtoto anayebishana na makanga wa 58 kuhusu shilingi kumi ashindwe kumuuliza mwalimu swali moja? Sababu ni kwamba tumemlea aone kuuliza ni kushuku, na kushuku mkubwa ni utovu wa adabu. Aidha, ameona wenzake waliouliza wakajibiwa mbele ya darasa zima, "Unafikiri sisi hatujui kazi yetu?" Naye mwalimu, kwa upande wake, ameulizwa swali hilo mara 40 tangu asubuhi, nusu ya wauliza wakiwa wamejipenyeza mlangoni bila salamu.

Kiswahili chetu, kwa bahati nzuri, kimejaa njia za kuuliza bila kumgusa mtu. Sikiliza tofauti hii. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, mmenisajili?" tayari kuna watu wanaotafutwa, na kama kosa lipo ni lao. Akisema, "Mwalimu, jina langu limeingia?" hakuna anayelaumiwa. Ni jina tu, limeingia au halijaingia. Kitenzi kile kidogo kimeondoa vita. Vivyo hivyo "naomba kuhakikisha" hupokewa vizuri kuliko "nataka kujua", na "samahani" inayotangulia hufungua masikio hata ya aliyekasirika.

Pwani mtoto angeanza na shikamoo. Huku kwetu bara si wengi walio na mazoea hayo, lakini "habari ya asubuhi, mwalimu" haijawahi kumshinda mtu. Sheng iache langoni. Mimi si adui wa Sheng, lugha iliyokulia humu humu Eastlands na inayotutambulisha popote tuendapo, ila mlango wa naibu wa mwalimu mkuu si kituo cha matatu.

Tuseme basi ni msichana wa kidato cha nne, mkondo wa Mashariki. Amechagua saa ya mapumziko, hakuja wakati mwalimu anakimbilia kipindi. Amekuja na mwenzake, kwa kuwa wawili husikia vizuri zaidi kuliko mmoja na hakuna haja ya msichana kuwa peke yake ofisini.

"Samahani, mwalimu. Habari ya asubuhi?"

"Nzuri. Kuna nini?"

"Naomba kuhakikisha kama jina langu limeingia katika usajili wa KCSE. Nyumbani pia wameniuliza, na sikuwa na jibu."

"Nyinyi wote mmesajiliwa. Rudini darasani."

Hapa ndipo wengi hugeuka na kuondoka. Yeye hakuondoka, wala hakupandisha sauti.

"Asante sana, mwalimu. Nitashukuru zaidi nikiiona orodha yenyewe wakati ukiwa na nafasi, hata iwe saa za jioni. Jina langu la mwisho watu hulikosea, na nilihama kutoka shule nyingine."

Tazama alivyofanya. Ameshukuru kwanza. Amempa mwalimu nafasi ya kuchagua saa. Ametoa sababu inayomhusu yeye mwenyewe, jina lake na kuhama kwake, bila kutaja uzembe wa mtu yeyote. Mwalimu mwenye roho ngumu kiasi gani atakataa? Shule nyingi huichapisha orodha hiyo na kuwataka watahiniwa waisome na kutia sahihi kando ya majina yao. Kama yako haijafanya hivyo, ombi la mwanafunzi mmoja mwenye adabu linaweza kuwafaa wote 200. Na ikiwekwa mbele yako, usitie sahihi kama unayetia sahihi ya kupokea maziwa ya shule. Weka kidole chini ya kila tarakimu.

Mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza kuulizwa. Akishindwa, mwendee anayesimamia mitihani, kisha naibu, kisha mwalimu mkuu. Kuruka ngazi huudhi watu bila faida. Karani wa ofisi pia usimpite kama kwamba ni kiti. Katika shule nyingi yeye ndiye aliyeketi mbele ya kompyuta, na yeye ndiye anayejua faili iko wapi.

Ikiwa wiki mbili zimepita na unaambiwa njoo kesho, andika. Walimu wa Kiswahili wamekufundisha barua rasmi tangu shule ya msingi, na kwa mara ya kwanza maishani itakuwa na kazi nje ya insha. Baada ya anwani na tarehe, inaweza kuwa fupi kama hii:

Kwa Mwalimu Mkuu,

MINT: KUTHIBITISHWA KWA USAJILI WANGU WA KCSE

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne Mashariki. Naomba nithibitishiwe kwamba nimesajiliwa kwa mtihani wa KCSE, na nionyeshwe jina, nambari na masomo yangu manane jinsi yalivyoingizwa. Nilihamia shule hii nikiwa kidato cha tatu, na ningependa kuwa na hakika kwamba rekodi zangu zilihamishwa. Nimeambatisha nakala ya cheti changu cha kuzaliwa. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya usajili kufungwa.

Wako mtiifu.

Toa nakala mbili. Moja iache ofisini, na ya pili uombe igongwe muhuri wa kupokelewa. Haya hayana ukali wowote. Barua yenye muhuri ina tarehe, na tarehe ndiyo itakayoulizwa na kila afisa utakayemfikia baadaye.

Nawe mzazi usijifiche nyuma ya mtoto. Najua mama anayefungua kibanda alfajiri hawezi kuacha biashara kila Jumatatu aende shuleni, na baba wa jua kali pale Kamukunji akikosa siku moja amekosa unga. Ujumbe wa simu wa maneno machache unatosha: "Habari ya jioni, mwalimu. Mimi ni mamake fulani wa 4 Mashariki. Naomba kujua kama usajili wake wa KCSE umekamilika, na nambari yake ni ipi. Asante kwa kazi yako." Mwalimu atajibu kwa nafasi yake, na jibu litabaki limeandikwa. Kupiga simu saa nne usiku huku sauti imepanda, au kumwandama mwalimu kwenye kundi la wazazi mbele ya watu 60, kutamfanya ajikinge badala ya kufungua faili.

Kwa wazazi wenye watoto wadogo, swali ni lile lile. KPSEA ya Gredi ya 6 ilianza 2022, na KJSEA ya Gredi ya 9 ikaanza 2025. Mtoto wa miaka 11 hawezi kutazamiwa amkabili naibu wa mwalimu mkuu. Ukienda kwenye mkutano wa wazazi, omba uonyeshwe nambari yake ya tathmini na jina lilivyoandikwa.

Na kama jina halimo?

Kwanza usilie hapo, na usimtukane mtu. Muda wa usajili ukiwa bado uko wazi, hili ni kosa la nusu saa. Uliza kwa utulivu: "Inahitajika nini kutoka kwangu?" Mara nyingi litakuwa ni cheti cha kuzaliwa. Wazazi wengi wa Eastlands walijifungulia Pumwani, wakaweka ile karatasi ya hospitali ndani ya Biblia au chini ya godoro, na hawakuifuatilia tena. Cheti chenyewe huombwa kwa eCitizen, na asiyejua mambo ya mtandao anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre ya Makadara. Huchukua siku, kwa hivyo usingoje tangazo la kufunga.

Ikiwa tatizo ni karo, jua haki yako. Deni la karo ni jambo kati ya mzazi na shule, na ada ya mtihani ni jambo jingine. Mzazi aende azungumze kuhusu namna ya kulipa kidogo kidogo, aandike ahadi yake, lakini asikubali jina la mtoto liachwe nje ili kumbana yeye. Shule ikikataa, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ipo kwa ajili hiyo, iwe uko Makadara, Kamukunji, Embakasi au Njiru. Hapo ndipo ile barua yenye muhuri inapoanza kula matunda yake. Ofisi za KNEC nazo ziko papa hapa Nairobi. Hata hivyo, jua kwamba kwa mwanafunzi wa shule baraza hilo hufanya kazi kupitia mwalimu mkuu, na yamkini utarudishwa kwake. Ni bora uende ukiwa na barua yake mkononi.

Muda ukiwa umekwisha, mambo ni magumu, ingawa Aprili ni afadhali kuliko Oktoba. Mitihani ya vitendo na ya kuzungumza huanza Oktoba, kabla ya karatasi kubwa za Novemba, na masomo kama Kilimo yana kazi ya mradi inayotunukiwa alama mapema zaidi. Kila wiki inayopita inakula kitu.

Ukishaiona nambari yako, iandike mahali patatu: ndani ya jalada la daftari, kwenye simu ya mzazi, na kwenye karatasi iliyo pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Andika na nambari za masomo, zote, kwa mpangilio.

Kesho ni Jumatatu. Kama shule yako imefunguliwa, gwaride litaisha, walimu watatawanyika, na mwalimu wa darasa lako atakuwa akielekea majilisini na rejista kwapani. Mfikie hapo kabla hajaketi, umsalimu, na umsaidie kubeba daftari mkielekea huko.